Vijiwe vya Figo: Maji, Maziwa na Mboga za Kisii

Mtu wa Pwani akihamia Kisii, jambo la kwanza limfurahishalo ni baridi yake. Mji wa Kisii, ambao wenyeji huuita Getembe, uko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na nchi yote inayouzunguka, hata kufika Nyamira, hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Jasho la Mombasa hulisahau kwa wiki moja. Pamoja na jasho husahau kiu, na pamoja na kiu husahau maji. Asubuhi hunywa kikombe cha chai, adhuhuri chai nyingine, usiku pengine soda akiwa na wageni, na maji matupu huyagusa tu wakati wa kutawadha. Ajabu ni kwamba mtu hutawadha mara tano kwa siku, na huenda siku hiyo hiyo asinywe maji hata mara mbili.

Haya twayasema kwa ajili ya maradhi yanayotajwa sana barazani siku hizi, nayo ni vijiwe vya figo. Wengi hudhani ni maradhi ya nchi za joto, na kwamba aliyekwenda kukaa bara kwenye ubaridi ameokoka. Ni kweli kwamba joto huyazidisha, na ndugu zetu wanaofanya kazi juani katika nchi za Ghuba wayajua vizuri. Lakini joto silo asili yake. Asili yake ni mkojo mzito, na mkojo huwa mzito kwa njia mbili: ama maji kupotea kwa jasho, ama maji kutokunywewa. Mtu wa Lamu huingia kwa mlango wa kwanza na mtu wa Kisii huingia kwa mlango wa pili, na wote wawili hukutana ndani ya nyumba moja.

Figo ni mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, na kila moja yapata ukubwa wa ngumi. Kazi yake ni kuchuja damu. Kwa siku moja huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji, kisha karibu yote huyarudisha mwilini, na kinachobaki, lita moja na nusu au mbili, ndicho mkojo. Ndani yake mna chumvi za namna nyingi ambazo mwili hauzihitaji. Maji yakiwa mengi, chumvi hizo huyeyuka zikatoka zote. Maji yakiwa haba, huanza kugandana, mfano wa mtu atiaye sukari katika kikombe kidogo cha chai: kijiko cha kwanza huyeyuka, na cha pili, na cha tatu, kisha hufika mahali sukari ikakaa chini, haiyeyuki tena hata akoroge vipi. Punje moja hushika nyingine, na baada ya miezi au miaka huwa jiwe. Likitulia ndani ya figo, mwenyewe hana habari nalo. Likishuka na kuingia katika mrija mwembamba uendao kibofuni, ndipo huja yale maumivu ambayo aliyewahi kuyapata hayasahau: hushika ubavuni, hushuka kinenani, huja kwa mawimbi, mtu akilala hapati raha na akisimama hapati raha. Aghlabu hutapika, na huenda mkojo ukawa na damu.

Katika kila vijiwe 10, kiasi cha 8 ni vya kalsiamu, na vingi katika hivyo ni kalsiamu iliyoshikana na kitu kiitwacho oksaleti. Kalsiamu ndiyo ile iliyomo katika maziwa na mifupa. Oksaleti imo katika baadhi ya majani, mizizi na njugu tunazokula, na nyingine hutengenezwa na mwili wenyewe. Vijiwe vingine ni vya asidi ya yuriki, ambayo huzidi kwa kula nyama na samaki wengi, na vingine hufuata maradhi ya njia ya mkojo. Msomaji na ashike maneno mawili haya, kalsiamu na oksaleti, kwani mengi tutakayoyasema yazunguka hapo.

Wala maradhi haya si mageni. Mwaka 1901, katika makaburi ya kale ya El Amrah huko Misri, lilipatikana jiwe la kibofu ndani ya maiti aliyezikwa kabla ya kujengwa mapiramidi. Na tabibu mkubwa Abubakar Ar-Razi, aliyefariki kiasi cha mwaka 925, alitunga kitabu mahsusi juu ya vijiwe vya figo na kibofu. Twalitaja hili kwa sababu wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kuuchunguza mwili ni jambo lililoshushwa na meli juzi, hali wazee wetu waliliandikia vitabu wakati miji mingi ya Ulaya haina hata shule.

Sasa tuje kwenye kinga, na kinga ya kwanza ni maji. Hili kila mtu hulisema, na kwa kuwa kila mtu hulisema hakuna alisikiaye. Basi tutoe ushahidi. Mjini Parma, Italia, madaktari waliwachukua wagonjwa 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza. Kundi moja waliamriwa wanywe maji mengi hata mkojo wa siku moja ufike lita 2 au zaidi. Kundi la pili waliachwa na ada yao. Wakafuatwa kwa miaka 5. Katika kundi la kwanza waliorudiwa na jiwe walikuwa 12 kati ya 99, na katika kundi la pili walikuwa 27 kati ya 100. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1996. Hapakuwa na kidonge, wala mzizi, wala unga wa kuchanganya na asali. Yalikuwa maji tu, na yalipunguza maradhi kwa zaidi ya nusu. Na jambo hili ni zito kwa sababu aliyepata jiwe mara moja hayuko salama: asipojikinga, karibu nusu ya watu wa namna yake hupata jingine ndani ya miaka 10.

Kipimo chenyewe si glasi ngapi mtu amekunywa, bali ni mkojo kiasi gani umetoka. Madaktari wataka aliyewahi kupata jiwe atoe lita 2 na nusu kwa siku. Wa Mombasa, ambaye sehemu ya maji yake huondoka kwa jasho, atahitaji kunywa zaidi ya wa Kisii ili wafike hapo pamoja. Na kwa kuwa hapana atakayekaa na kibaba akipima kila mara, kuna alama ya kutosha: rangi. Mkojo uwe mweupe wa kukaribia maji ya ndimu. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, na mtu hakumeza dawa ya kuugeuza, ajue amechelewa kunywa. Maji yagawanywe kwa siku nzima, wala yasishindiliwe kwa mara moja, na kikombe kimoja kiwekwe kwa wakati wa kulala, kwani usiku ndipo mkojo huwa mzito zaidi. Aliyezoea kuamka usiku kuswali amepata nafasi njema ya kunywa kikombe kingine. Ila mgonjwa wa moyo au wa figo zilizodhoofika, ambaye tabibu amempimia maji yake, asifuate haya tuliyoyasema. Na amfuate tabibu wake.

Ni rahisi kumwambia mtu anywe. Yafaa tuulize kwa nini hanywi. Katika vilima vya Nyamira mchuma chai huingia shambani mapema, umande ungali juu ya majani, akatoka adhuhuri au baadaye. Nchi ni ya baridi, kiu haimkumbushi. Lakini liko jambo jingine ambalo wanaume hawalifikirii: mwanamke aliye kati ya mashamba, asiyekuwa na pahali pa kujisitiri, hatakunywa maji hata umhubirie mara mia. Hujinyima kwa makusudi, na ni haki yake kuona haya. Basi mwenye shamba anayetaka watu wake wawe na afya na achimbe choo kwanza, kisha ndipo alete mtungi. Neno hili lawahusu vilevile wenye skuli na wenye madrasa. Tumejenga vyumba vya kusomea, tukapaka chokaa, tukaandika jina la aliyetoa pesa mlangoni, na watoto wa kike tukawaachia choo kimoja kisichokuwa na komeo.

Abiria wa magari ya usiku nao ni hivyo hivyo. Kutoka Mombasa kwenda Kisii ni safari ya karibu kilomita 800, na mtu mwenye akili yake huanza kujizuia kunywa tangu alasiri ili asimsumbue dereva. Kuzuia haja siko kunakoumba jiwe, ijapokuwa si jambo jema. Kujinyima maji ndiko. Afadhali kuomba gari lisimame.

Wengine huyashuku maji yenyewe, ati ya Kisii hupita katika mawe. Mawe ya Tabaka ni mawe laini ya kuchonga sahani na vinyago. Vumbi lake humdhuru kifua mchongaji asiyejifunika pua, wala silo linalokuwa kijiwe katika figo za mnywaji. Cha kuogopwa katika maji ya chemchemi ni uchafu ushukao na mvua mahali ambapo chemchemi haikujengewa, na dawa yake ni kuyachemsha. Maji yakisha kupoa yawekwe katika chombo chenye kifuniko, tena mahali ambapo mtu huyaona, kwani maji yaliyofichwa hayanywewi.

Na chai je? Mtu atauliza hili lazima, kwani Nyamira ni nchi ya chai, na viwanda vyake vya Kebirigo, Sanganyi, Tombe na Nyansiongo vyajulikana. Majani ya chai yana oksaleti, ni kweli. Huko Marekani mwaka 2015 madaktari wa jimbo la Arkansas walieleza habari za mtu wa miaka 56 aliyeharibika figo kwa oksaleti. Walipomchunguza wakakuta hunywa glasi 16 za chai ya baridi kila siku. Lakini glasi 16 si vikombe vitatu, na chai yake haikuwa ya maziwa. Watu wa kawaida wanywao chai kwa kiasi, walipofuatwa kwa miaka mingi, hawakuonekana kuwa na vijiwe zaidi ya wengine. Katika kikombe cha chai yetu kinachotuhangaisha sisi ni vijiko vinne vya sukari, kwa kuwa sukari nyingi hulazimisha kalsiamu itoke kwa wingi katika mkojo. Soda ndiyo mbaya zaidi: katika hesabu ya Wamarekani iliyotangazwa mwaka 2013, wanywao soda ya kola yenye sukari kila siku walikuwa na hatari ya vijiwe iliyozidi kwa asilimia 23 kuliko wasiofikisha moja kwa wiki. Mgeni akija nyumbani, kumpa maji baridi yenye tone la ndimu si ubahili.

Tumefika kwenye maziwa, na hapa ndipo tulipokusudia kufika.

Iko dhana iliyoenea mijini kwetu, na hata baadhi ya wasomi huishika, kwamba kwa kuwa jiwe ni la kalsiamu na maziwa yana kalsiamu, basi mwenye jiwe na aache maziwa. Kwa masikio hili ni sawasawa. Kwa hakika ni kinyume. Zamani madaktari wenyewe waliwaambia wagonjwa hivyo hivyo, mpaka walipopima. Mwaka 1993 ilitangazwa Marekani habari ya wanaume 45,619 waliofuatwa kwa miaka 4, na waliokula kalsiamu nyingi katika chakula chao ndio waliopata vijiwe vichache. Mwaka 2002 madaktari wa Parma tuliowataja walitoa jaribio jingine. Wanaume 120 wenye vijiwe vya kurudiarudia waligawanywa sawasawa: 60 wakanyimwa maziwa na vyakula vya kalsiamu, na 60 wakaachiwa kalsiamu ya kadiri, wakapunguziwa chumvi na nyama. Baada ya miaka 5, walionyimwa walikuwa wamerudiwa 23, na walioachiwa walikuwa wamerudiwa 12.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Kalsiamu na oksaleti hupendana, na popote zikutanapo hushikana. Zikikutana tumboni wakati wa kula, hushikana huko huko, zikatoka pamoja na choo, wala figo haipati habari. Maziwa yakiondolewa katika chakula, oksaleti huingia katika damu peke yake, ikafika figoni, na huko hukuta kalsiamu iliyotoka mwilini, ndipo hushikana mahali pasipofaa. Maziwa basi ni bawabu wa mlango. Mgonjwa aliyeyaacha amemfukuza bawabu akabaki anastaajabu kwamba mwizi ameingia. Tena mifupa yake nayo yadhoofika.

Hapa watu wa Kisii wana elimu waliyoirithi jikoni, pengine bila ya kujua jina lake. Mboga wanayoipenda sana ni chinsaga, ambayo sisi Pwani twaiita mgagani. Ni chungu. Wao huichemsha sana, wakamwaga yale maji machungu, kisha wakatia maziwa, wakaiacha chunguni usiku kucha, na kesho yake wakaipasha na kuongeza maziwa tena. Mnavu, ambao wauita rinagu, huupika kwa njia iliyo karibu na hiyo. Kusudi lao ni kuondoa uchungu. Lakini tazama yaliyotendeka: kuchemsha na kumwaga huondoa oksaleti ile iyeyukayo katika maji, na wapimaji wameona kwamba yaweza kupungua kwa asilimia 30 hata 87 kulingana na mboga, na maziwa hushika iliyobaki. Kisha chakula chenyewe huliwa pamoja na maziwa yaliyoganda, ambayo wao huyaita amabere amaruranu.

Sisi Pwani twafanya nini? Twachukua mchicha, ambao una oksaleti nyingi kushinda mgagani, au nderema, twaukaanga kidogo, twautia tui la nazi, twala. Na kwa kuwa tui ni jeupe twadhani tumetia maziwa. Tui si maziwa. Gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina kiasi cha miligramu 120 za kalsiamu, na tui halifiki hata robo ya hiyo. Ladha yake hatuikatai, walakini kazi ya bawabu haliiwezi. Aliyewahi kupata jiwe, akitaka mchicha wake wa nazi, auchemshe kwanza amwage maji, kisha anywe na bilauri ya mtindi. Afanye hivyo pia akila majimbi, karanga au korosho kwa wingi. Asiyewahi kuugua hana haja ya kuogopa mboga wala kumwaga kila maji, kwani pamoja na oksaleti huondoka vitamini, na mwenye mimba hasa azihitaji. Kalsiamu ya vidonge ni jambo jingine: ikimezwa mbali na chakula haimkuti oksaleti tumboni, basi isimezwe ila kwa shauri la tabibu.

Liko kosa jingine ambalo ni la Pwani khasa, na laweza kuwa la hatari. Watu wamesikia kwamba ndimu na limau hufaa, na ni kweli: zina sitreti, ambayo ikifika katika mkojo huzuia punje zisishikane. Kukamua ndimu moja au mbili katika maji ya siku ni jambo jema. Lakini wengine hukata hukumu kwamba kila kikali ni dawa, wakaukimbilia mbirimbi ulio uani. Birimbi ni kali kwa sababu ya oksaleti. Katika achari na mchuzi, kidogo, haina neno kwa mtu mzima wa figo. Kukamua bilauri za maji yake na kunywa kama dawa ni balaa: huko Kerala, katika Bara Hindi, madaktari walieleza mwaka 2013 habari za wagonjwa 10 ambao figo zao zilisimama ghafla baada ya kunywa maji ya birimbi. Ukali wa ndimu ni kitu kimoja na ukali wa birimbi ni kitu kingine. Vidonge vya vitamini C vya nguvu kubwa navyo mwili huvigeuza sehemu yake kuwa oksaleti. Mwenye historia ya vijiwe na aviache, ale machungwa.

Juu ya chumvi hatutarefusha. Kila chumvi ipitapo katika figo huvuta kalsiamu pamoja nayo, na kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai kimoja kwa chakula chote. Ng'onda, achari, chipsi na vitafunio vya dukani humaliza kipimo hicho kabla ya jioni. Nyama nayo na iwe kwa kiasi, kwani huzidisha asidi katika mkojo na kupunguza ile sitreti. Na wale wenye vijiwe vya asidi ya yuriki wajihadhari na maini, figo za mbuzi na dagaa, ambao Kisii hufika kwa wingi kutoka ziwani wakiitwa omena. Ndizi za Kisii, zile za kupika na zile mbivu, zi upande wa mgonjwa, maana matunda na mboga huirudisha sitreti. Madafu nayo ni maji mema, si nyundo ya kuvunjia mawe.

Twaulizwa sana juu ya saumu. Kisii iko chini ya nyuzi moja kusini ya ikweta, na mchana wa kufunga huko ni kiasi cha saa 13 na nusu mwaka mzima, tena katika baridi. Kwa mtu mzima wa afya, au aliyepata jiwe zamani likaisha, maji ya usiku yaweza kumtosha ikiwa atayanywa: bilauri 8 au zaidi kati ya magharibi na daku, zikigawanywa. Tatizo ni kwamba futari yetu huanza kwa sambusa za chumvi na sharubati za sukari, kisha mtu hulala mpaka daku, na daku yake ni chai. Huyo amefunga mchana na usiku pia. Ama mwenye jiwe lililomo sasa, au anayerudiwa mara kwa mara, au mwenye figo moja, aende kwa tabibu kabla ya Ramadhani kuingia, si siku ya kumi akiwa amebebwa. Dini imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, na kuikataa ruhusa hiyo si uchamungu.

Yabaki maneno machache juu ya dawa za kuvunja mawe, ambazo huuzwa sokoni Kisii na Mombasa sawasawa, katika chupa zisizokuwa na jina. Jiwe la kalsiamu na oksaleti halina kinywaji cha kuliyeyusha. Jiwe la asidi ya yuriki laweza kuyeyushwa kwa dawa, lakini hiyo hutolewa na tabibu akipima mkojo. Muuzaji hupata sifa kwa sababu moja: vijiwe vilivyo chini ya milimita 5, kiasi cha theluthi mbili yake, hutoka vyenyewe. Aliyekunywa chupa akatoa jiwe husimulia mji mzima. Aliyekunywa chupa jiwe likaziba mrija na figo ikafa taratibu bila ya maumivu, huyo hana la kusimulia ila baada ya miaka. Kwa jiwe kubwa, tangu lilipovunjwa jiwe la kwanza kwa mishindo ya mawimbi mjini Munich mwaka 1980, upasuaji wa kisu kirefu umekuwa nadra.

Maumivu ya jiwe yakija pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika, au kutapika kukizidi hata maji hayakai tumboni, au mgonjwa akiwa ni mwenye mimba au mwenye figo moja, pasiwe na kungoja asubuhi. Kwa aliyeko Kisii iko Hospitali ya Rufaa na Mafunzo, na Nyamira iko hospitali ya rufaa ya kaunti. Jiwe pamoja na homa huweza kuua kwa siku chache.

Na kwa anayengoja jiwe dogo litoke lenyewe nyumbani kwa idhini ya tabibu, akojoe juu ya kitambaa chepesi au kichujio cha chai ambacho hakitarudi tena jikoni. Jiwe likitoka, hata likiwa dogo mfano wa punje ya mchanga, asilitupe kwa furaha. Alioshe, alikaushe, alikunje katika karatasi, alipeleke hospitali likapimwe. Kwani mwenye jiwe la oksaleti na mwenye jiwe la yuriki hawaambiwi maneno mamoja juu ya chakula, na bila ya jiwe lenyewe tabibu hukisia tu.